Safari ya Kwanza na Gari-Nyumba: Kambi, Choo, Umeme na Matengenezo ya Njiani

Kila anayechukua gari-nyumba kwa mara ya kwanza huuliza yaleyale. Maji yanajazwa wapi? Choo kinamwagwaje? Mbona umeme wa kambi, pale unapoegesha ulale, umekata? Mbona friji haipoi? Nimeyajibu maswali haya mpaka nimeanza kujibu kabla mtu hajamaliza kuuliza, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote, kwa mfuatano wa safari yenyewe.

Shika jambo moja kabla hatujaanza: hiyo ni nyumba inayotikiswa. Kila kilomita unayokwenda, parafujo zinalegea kidogo, viungio vya mabomba vinavutana, milango ya kabati inagongana. Kuendesha utazoea ndani ya siku mbili. Kukagua ndiko watu hukuchoka, na karibu kila hasara niliyoiona ilianzia asubuhi ambayo mtu alikuwa na haraka.

Na kama bado hujanunua, usinunue. Kodi kwanza siku tatu au nne, ikiwezekana kipindi cha mvua. Ukivumilia kukaa ndani ya chumba cha mita sita na wenzako mvua inapiga paa kutwa nzima, basi nunua.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Leseni inayoruhusu uzito wa gari lenyewe. Usidhani ya gari dogo inatosha. Leseni ya daraja B ya Ulaya, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikiishia kilo 3,500, na magari-nyumba mengi hupita hapo.
- Kimo cha gari, kuanzia chini hadi kitu kilicho juu kabisa paani, kimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya usukani.
- Mipira miwili ya maji yenye rangi tofauti kabisa. Mmoja wa maji ya kunywa, mwingine wa kusuuzia choo. Isikae kwenye sanduku moja.
- Kipunguza presha cha kufunga kwenye bomba la kambi.
- Waya wa umeme wa nje wa mita 25 na adapta za plagi za huko uendako.
- Kabari mbili za magurudumu, vipandio viwili vya kusawazishia gari, na pimamaji ndogo kama ya fundi mwashi.
- Glavu za mpira. Boksi zima, si jozi moja.
- Kengele ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu inayotokana na moto), kengele ya gesi ya kupikia, kizima moto.
- Vifaa vya fundi: multimita (kipima umeme), fyuzi za kila saizi iliyomo garini, bisibisi, spana, koleo, klipu za kubania mipira, tai za plastiki, utepe wa kuzibia, tochi ya kufunga kichwani na chupa ya maji ya sabuni.
- Jeki inayobeba uzito wa gari hilo, spana ya nati za gurudumu, na spea. Magari-nyumba mengi huuzwa bila spea. Chungulia kabla hujaondoka.

1. Siku ya kulichukua

Anayekukabidhi gari amelionyesha kwa watu mia na anataka umalize upesi. Usimfuate mwendo wake. Kila anachokionyesha kishike kwa mkono wako: mdomo wa kujazia maji, koki za kumwagia, swichi kuu ya betri, koki ya gesi, mkono wa kufungulia turubai la kivuli, sanduku la fyuzi. Kwa kawaida masanduku ya fyuzi ni mawili, la gari na la nyumba. Mwambie aeleze huku unarekodi kwa simu. Utakapokuwa gizani unaitafuta fyuzi ya pampu, video hiyo itakufaa kuliko kitabu cha kurasa mia mbili.

Betri nazo ni mbili. Moja huwasha injini, nyingine huendesha taa za ndani, pampu ya maji na vidude vya nyumba. Ukiikausha ya nyumba, injini bado itawaka.

Kama unanunua gari lililotumika, muda wako mwingi uumalizie kutafuta unyevu. Ingia ndani, ubonyeze kwa dole gumba pembe zote za juu, ukingo wa kila dirisha na kuzunguka tundu la hewa la paani. Ukuta mzima hukurudishia kidole. Uliooza hubonyea kama mkate uliolowa, na mara nyingine karatasi ya ukutani huwa imejikunja vipele vidogo ambavyo kwa macho huvioni mpaka umulike tochi kwa ubavu. Nilipata kukagua gari moja lililong'aa kweli, nikashika parafujo ya kabati iliyokuwa pembeni ya dirisha la nyuma: ikazunguka yenyewe kwa vidole, ikatoka, nyeusi kwa kutu hadi nchani. Ndani ya ukuta ule hapakuwa na mbao tena, palikuwa na uji. Nikaaga.

2. Lipeleke mizani

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijaa umeshabeba kilo 100 kabla hujapandisha mtu wala baiskeli. Tafuta kibati kinachoonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, kisha lipeleke gari kwenye mizani likiwa limepakiwa vilevile kama siku ya safari, na abiria wakiwa ndani. Pima jumla, halafu ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Mara nyingi ya nyuma ndiyo huzidi, kwa sababu sanduku kubwa la mizigo liko huko na kila mtu hurundika humo.

Vizito vikae chini, karibu na ekseli. Kabati za juu ni za nguo na mablanketi. Na kama kambi unayokwenda ina maji, safiri na robo ya tangi tu.

3. Tairi: soma umri wake

Magari haya husimama kuliko yanavyotembea, kwa hiyo tairi huliwa na jua na miaka kabla ya kuliwa na lami. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi nikifika miaka saba nabadilisha hata kama meno yake bado marefu. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, ukifuata kiwango cha mtengenezaji kwa uzito ulioupata mizani. Hilo la kukisia kwa kupiga teke waachie wengine.

4. Safisha tangi, kisha jaza maji

Gari lililokaa muda mrefu, usinywe maji yake kabla ya kulisafisha tangi.

Weka dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kama mililita 1 kwa kila lita ya ujazo wa tangi, ukiwa umeichanganya kwanza kwenye ndoo ya maji. Mimina, jaza tangi, washa pampu, fungua kila bomba, la baridi na la moto, mpaka unuse klorini. Funga. Liache usiku kucha. Asubuhi mwaga, jaza tena, mwaga tena, mpaka harufu iishe.

Onyo: usiwashe hita ya maji ya umeme kabla hujahakikisha tangi lake lina maji. Fungua bomba la moto, subiri mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Koili ikiwaka kavu huungua papo hapo.

5. Gesi na friji

Mtungi usimame wima na ufungwe mkanda. Kila unapoubadilisha, paka maji ya sabuni kwenye kiungio, ufungue gesi na utazame. Povu likifura, panavuja. Kibiriti si kipimo.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Vile vitundu vilivyo sakafuni au chini ya kabati ni njia ya kuitoa, na kila mwaka kuna mtu huviziba kwa sababu vinaleta baridi. Usivizibe. Usilale jiko likiwaka ili upate joto pia. Kaboni monoksaidi haina harufu, na hapo kengele tu ndiyo inayoweza kukuamsha.

Ukienda kwenye baridi kali chukua propani. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, nawe utabaki na mtungi mzito usiotoa moto. Propani huendelea hadi kama nyuzi 42 chini ya sifuri.

Friji nyingi za magari haya zinatumia njia tatu: gesi, umeme wa kambi, na betri wakati injini inanguruma. Hazina kompresa, hupoza polepole mno. Washa jana yake, tia vitu vilivyokwisha kupozwa, na usiijaze ukaziba hewa. Tena inataka gari lisimame sawasawa. Ukiliegesha limeinama ukaiacha ikifanya kazi siku nzima, unaweza kuiharibu kabisa.

6. Barabarani

Anza kwenye uwanja mtupu. Weka ndoo kando ya pembe ya nyuma ya gari, kama nusu mita, kata usukani mpaka mwisho, nenda mbele taratibu huku mwenzako akitazama. Utaona mkia unatoka nje na kuipiga ndoo, upande wa pili wa kule unakokata. Sasa fikiria pale palikuwa na nguzo ya kituo cha mafuta. Ndipo wengi huachia ubavu wa gari.

Mteremko mrefu ushuke kwa gia ndogo, breki ziguse tu mara mojamoja. Ukisikia harufu ya kuungua umeshachelewa, simama zipoe. Acha nafasi kubwa mbele yako. Lori likikupita, upepo wake utakuvuta kisha kukusukuma. Shika usukani kwa mikono miwili, usishtuke wala usipiganie.

Watu wote wakae na mikanda. Hakuna kwenda chooni gari likitembea, hakuna kuchemsha maji, na koki ya mtungi wa gesi iwe imefungwa, isipokuwa gari lako lina mfumo unaokata gesi wenyewe likipata ajali.

Daraja lenye kimo kidogo: usiamini simu yako. Ramani nyingi za simu zinadhani unaendesha gari dogo. Soma kibao, soma karatasi yako, na kama unasita, washa hazadi usimame. Kurudi nyuma ukiwa na foleni nyuma yako ni aibu ya dakika tano.

7. Kufika kambini

Unapoweka nafasi taja urefu wa gari pamoja na baiskeli zilizoning'inizwa nyuma, uliza umeme ni wa ampea ngapi, kama maji yanafika penye nafasi yako au yako bomba la pamoja, choo kinamwagwa wapi, na kama nafasi ni ya kuingilia mbele na kutokea mbele. Hiyo ya mwisho ndiyo nzuri kwa mgeni. Iombe hata ukiongezewa kidogo bei.

Fika mchana. Narudia: fika mchana. Giza ndilo hukufanya usilione tawi.

Ukifika penye nafasi yako usiingie moja kwa moja. Simama, shuka, tembea mpaka mwisho wake. Tazama juu kama kuna matawi, tazama chini kama kuna mawe na matope, tazama bomba na nguzo ya umeme, ile yenye soketi ya kuchomekea, viko upande gani. Kisha rudi nyuma kwa upande wa dereva ikiwezekana, maana huko unaona mwenyewe kupitia dirishani.

Msaidizi asimame mahali anapouona uso wako kwenye kioo. Usipomwona, simama hapohapo. Kubalianeni ishara kabla: mkono mmoja juu ni simama, basi. Nimewaona watu waliooana miaka ishirini wakinuniana jioni nzima kwa sababu mmoja alisema "njoo, njoo, njoo" akiwa amejificha nyuma ya gari.

Kusawazisha: weka pimamaji sakafuni karibu na friji, mara kwa urefu, mara kwa upana. Upande ulioshuka upandishe kwenye vipandio. Vuta breki ya mkono, tia kabari, ndipo ushushe miguu ya pembeni. Miguu hiyo ni ya kuzuia kuyumba tu. Ukiifanya jeki utaipinda, na usipokuwa na bahati utapinda na chasisi.

Kuhusu majirani: usikatize katikati ya nafasi ya mtu, hata kama ndiyo njia fupi ya bafuni. Saa za utulivu kambi nyingi ni kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na jenereta ina saa zake. Maji ya kuoshea vyombo usiyamwage ardhini, hata kama "ni sabuni tu".

8. Kuunga umeme

Hapa ndipo palipo na maswali mengi kuliko kote, na jibu ni hesabu ya darasa la saba: volti mara ampea ni wati.

Kambi ya Ulaya yenye volti 230 na ampea 6 inakupa wati 1,380. Ampea 10 ni wati 2,300, na ampea 16 ni wati 3,680. Marekani soketi ya ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, na ile ya ampea 50 ina njia mbili za volti 120, jumla wati 12,000. Sasa geuza birika lako la umeme usome chini yake. Kama ni la wati 2,000 na nguzo ni ya ampea 6, umeme ulikatika kwa sababu uliukata mwenyewe. Nunua birika dogo la wati mia saba hivi, au chemshia kwenye gesi.

Mpangilio wa kuunga:

Zima breka ya nguzo, na ndani ya gari zima vitu vikubwa. Kunjua waya wote, hata kama nguzo iko mita tatu. Waya uliobaki umezungushwa kwenye rili hupata moto, na ukibeba mzigo mkubwa huweza kuyeyuka. Chomeka upande wa gari kwanza, kisha upande wa nguzo, ndipo uwashe breka. Kuondoka ni kinyume chake. Ukikuta soketi ya nguzo imebabuka au ina weusi, usichomeke, nenda mapokezi ukaombe nafasi nyingine.

Maji ya kambi yaunge kupitia kipunguza presha, chenye kiwango cha psi 40 hadi 50. Kambi nyingine zina presha ya kupasua viungio, na utajua hivyo ukiwa umeshaloa.

9. Choo

Wageni wote wanaogopa hapa, kumbe ni kazi ya dakika kumi ukiwa na glavu na subira.

Kama choo chako ni cha kisanduku cha kuchomoa, kichomoe, kipeleke penye shimo maalumu, bonyeza kitufe cha hewa huku ukimimina ili kisirushe, suuza mara mbili, tia dawa ya choo na lita mbili tatu za maji safi, rudisha. Kimwage kabla hakijajaa kabisa.

Kama ni tangi la chini ya gari lenye mpira mnene, sikiliza vizuri. Vali ya tangi la choo ikae imefungwa muda wote, hata ukiwa umeunga mpira kwenye shimo. Kuiacha wazi ni kosa la kawaida kuliko yote: maji hutiririka yakaenda zake, kigumu kikabaki kimejijenga kama kichuguu chini ya choo. Kukivunja ndipo utakapojua kilichomtoa kanga manyoya. Subiri tangi lifike kama theluthi mbili. Kisha vaa glavu, unga mpira, hakikisha umebana, na ufungue vali ya choo kwanza. Ikishaisha funga, ufungue vali ya tangi la maji ya sabuni, yaani yaliyotoka kwenye sinki na bafu, ili yasuuze mpira. Ndiyo maana unayaacha maji ya sabuni yajae kidogo kabla. Ukimaliza, rudisha maji kiasi ndani ya tangi la choo pamoja na dawa. Lisikae kavu.

Karatasi ya chooni: tia vipande viwili kwenye chupa ya maji, funga, tikisa. Ikivunjikavunjika inafaa. Ikibaki kama kitambaa, hiyo si ya humu. Vitambaa vyenye unyevu vya kufutia visitupwe humo kamwe, hata pakiti ikidai vinayeyuka.

10. Asubuhi ya kuondoka

Andika orodha yako uifuate, na anayeifuata asizungumzishwe. Naisema hii kwa machungu. Kuna asubuhi nilikuwa katikati ya kukunja waya, jirani akaja kuniaga, tukaongea dakika kumi, nikapanda garini nikaondoka. Sikuwa nimefunga tundu la paani. Nilisikia mlio kama kofi nilipofika barabara kuu, nikatazama kioo cha pembeni, nikaona kifuniko cha plastiki kinapaa nyuma yangu kama sahani. Mvua ilianza mchana uleule.

Orodha yangu: tundu za paani na madirisha, kabati na mlango wa friji, vitu vya mezani, pampu, gesi. Nje: maji, umeme, mpira wa choo, turubai, miguu ya pembeni, ngazi, kabari, masanduku ya mizigo. Kisha nalizunguka gari mara mbili, mara ya pili kinyume cha mara ya kwanza, nagusa kila kitu kwa mkono. Nikishatoka kwenye nafasi nasimama mita chache mbele na kutazama nilipokuwa. Ukifanya hivyo huwezi kuacha vipandio.

Likikataa

*Taa na pampu vimezima vyote.* Anza na swichi kuu, kisha fyuzi kubwa iliyo karibu na betri, kisha betri yenyewe. Betri ya asidi iliyopumzika saa chache bila kutumika ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, chini ya 12 unaiumiza. Za lithiamu husoma juu zaidi, kama 13.3 zikiwa zimejaa, na hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri.

*Fyuzi inaungua kila ukiibadilisha.* Usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inailinda waya, nawe unataka kuichoma waya. Tafuta palipochubuka, mara nyingi ni pale waya inapopita kwenye tundu la bati.

*Pampu inanguruma, maji hayatoki.* Kama tangi lina maji, kuna hewa inaingia. Fungua chujio dogo lililo kabla ya pampu: tazama kama lina uchafu, na kama mpira wake mdogo umekaa sawa. Tisa kwa kumi ni hapo.

*Pampu inashtuka usiku wakati hakuna bomba lililofunguliwa.* Presha inapotea mahali. Pitisha karatasi kavu ya jikoni chini ya kila kiungio, ikilowa umepaona. Choo nacho kikague, vali yake huvuja kimyakimya. Usipopaona, zima pampu ulale.

*Friji haipoi.* Je, gari limesawazishwa? Je, friji imechagua njia sahihi? Je, mtungi una gesi? Jaribu umeme wa kambi. Ikipoa kwa umeme ikakataa kwa gesi, tatizo ni kichoma gesi, mara nyingi masizi au utando wa buibui. Ukinusa amonia, izime na usiiwashe tena.

*Harufu ya choo ndani.* Ongeza maji kwenye bakuli. Mpira wa chini ya bakuli ukikauka au ukiwa na uchafu haushiki maji, na harufu hupanda. Ufute, uupake mafuta ya silikoni, usitumie ya petroli.

*Paa linavuja.* Maji hutokea mbali na yalipoingilia, kwa hiyo usikimbilie kuziba panapodondoka. Panda ukague gundi iliyozunguka tundu, taa na antena, tafuta mipasuko. Safisha, kausha, ziba kwa gundi inayokubaliana na paa lako. Silikoni ya kawaida haishikani na mapaa mengi ya mpira, tena huzuia gundi sahihi kushika baadaye. Kagua hivyo mara mbili kwa mwaka. Usipoziba ufa, hapa utajenga ukuta kwelikweli.

*Unanusa gesi.* Usiguse swichi yoyote. Toa watu nje, fungua milango, funga mtungi. Usirudi kupika mpaka fundi apite.

*Tairi limepasuka mwendoni.* Usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani unyooke, ondoa mguu taratibu, acha gari lipungue lenyewe, ndipo usogee kando. Ukishabadilisha, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hivi.

*Ubavu unaosukumwa nje (sehemu ya ukuta inayotoka ili kupanua chumba) umekwama.* Pima betri kwanza, maana mota yake hunywa umeme mwingi. Kisha tazama kama kuna kiatu au kiti kimeuzuia njiani. Karibu kila gari lina mahali pa kuurudisha kwa mkono, na video yako ya siku ya kwanza ilipaswa kupaonyesha.

Ukifika mahali pa kumwita fundi, jua kuna mafundi wa aina mbili. Wa magari atashughulikia injini, breki na ekseli, lakini wengi hawataki kugusa nyumba. Wa nyumba ndiye wa friji, hita, gesi na umeme mkubwa, na mambo ya gesi na umeme wa volti 120 au 230 usiyajaribu mwenyewe. Kabla hujampigia, piga picha ya kibati cha kifaa chenyewe, si cha gari. Cha friji kiko ndani ya mlango, cha hita mara nyingi kiko nyuma ya kifuniko cha nje. Mtumie picha hiyo ili aje na kipuri mkononi, maana akija mikono mitupu utalala pale siku mbili zaidi ukimsubiri arudi.